Picha ya Baba Mbele ya Mgeni Rasmi

Nawaambieni hii kwa sababu mmeniuliza sana kwa nini kila tukipanga mstari wa kupiga picha hapa bwenini mimi najifanya nafunga kamba za viatu, na nimechoka kujibu kwamba sina sura ya picha, maana sura ninayo. Ukweli ni kwamba kuna picha iliwahi kuniaibisha nikatamani ardhi ipasuke, na wala haikuwa picha yangu, ilikuwa ya baba yangu mzazi, na aliyeitundika mbele ya watu wa Mkunya ni mimi, nikiwa na akili zangu timamu, nikidhani nafanya jambo la upendo. Mkitaka kucheka chekeni huku mwanzoni, kwa sababu tukifika mbele mimi mwenyewe huwa sicheki.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Mkunya, juu Newala (na nyinyi wa Masasi msianze habari zenu za sisi wa juu kuogea kikombe kimoja cha maji, leo si zamu yake). Ni mwalimu wa wale wa zamani, anayevaa koti jua likiwaka na anayepiga pasi hata leso, na anayekusahihisha Kiswahili ukiwa unamletea habari ya msiba. Watoto wa shule wakimwona njiani wanashuka kwenye baiskeli. Nyumbani alikuwa anazungumza na sisi kama tuko darasani: swali, jibu, kaa chini. Simsemi kwa ubaya, alikuwa hapigi ovyo, hanywi, ada analipa, lakini kukaa na Baba ukaongea naye tu, mambo ya hivi hivi, mimi nilikuwa sijui kunafananaje.

Sasa mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, bado nasoma kutwa kule kule nyumbani, kuna jamaa pale Newala mjini alifunga biashara yake ya intaneti akawa anauza vitu. Baba akarudi siku hiyo na gunia begani, tukajua ni mihogo, kumbe ndani kuna kasha tupu la kompyuta, lile wengi wanaloita sipiyu, halina kitu tumboni isipokuwa buibui. Akaliweka juu ya meza ya chakula, akalizunguka, akaniita. Mama akauliza hicho ni nini, Baba akasema ni kompyuta. Mama akachungulia ndani akasema mbona tupu, Baba akasema tutaijaza, mimi na Vero.

Mimi na Vero. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia jina langu limekaa karibu na la kwake namna hiyo.

Basi tukaanza kuijaza. Vifaa vilikuwa vinakuja kimoja kimoja, vyote vya mtumba, kila Baba akipata safari. Bodi kubwa, ile mafundi wanaiita mazabodi, aliitoa kwa fundi mmoja hapa Masasi, siku aliyokuja kumwangalia shangazi aliyelazwa hospitali ya Mkomaindo, akaja nayo amepakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Kila Jumamosi na kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunakaa pale mezani. Vidole vya Baba ni vinene, haviingii kwenye pembe za lile kasha, vya kwangu vinaingia, kwa hiyo mimi nikawa ndiye wa kuchomeka na kukaza skrubu, na yeye wa kushika tochi. Maandishi ya kwenye bodi ni madogo kama mayai ya chawa, yeye hayaoni hata kwa miwani, mimi nasoma, yeye anatafuta kwenye simu maana yake ni nini, tunabishana. Ndiyo, nilikuwa nabishana na Baba. Nilikuwa namwambia hapana Baba, hiyo waya si ya hapo, na yeye badala ya kuniuliza naongea na nani alikuwa anasema hebu tuone, anasogeza tochi, tunaona.

Msimu huo ulikuwa wa kupulizia mikorosho, kijiji chote kinanuka salfa, ile dawa ya unga, na hapo ndipo lilipotokea la picha. Kasha lilikuwa na vumbi la miaka, limeganda, halitoki kwa kitambaa. Baba akapata wazo la kulipuliza kwa mashine ya salfa, ile ya kubeba mgongoni. Nikamwambia Baba, humo ndani kutakuwa na unga umebaki. Akasema ameiosha kwa mkono wake. Akavua shati asilichafue, akabaki na fulana iliyotoboka na msuli, akaliweka kasha uani, akawasha. Jamani. Wingu lililotoka pale lilikuwa la manjano, likagonga kasha, likarudi likamvaa yeye, na lilipotulia tukamwona Baba amesimama, manjano kutoka nywele mpaka kitovuni, macho tu yanapepesa. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na akiwa hapo chini akatoa simu akampiga picha. Mimi niliogopa kucheka, nikamwangalia Baba kwanza, na Baba alikuwa anacheka. Anacheka kwa sauti, ameshika kiuno, unga unamdondoka. Sijawahi kumwona hivyo kabla na sijamwona tena.

Tulishinda siku nzima tunasafisha ile salfa kwa brashi ya rangi, na haikuisha, hata baadaye kompyuta ikipata moto ilikuwa inanuka kama shamba la mikorosho.

Siku feni ilipozunguka mara ya kwanza na kioo kikawaka, Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, kisha akamwita Mama kutoka jikoni.

"Mama Vero, njoo umwone fundi," akasema. "Mimi leo ni msaidizi."

Hayo maneno niliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka vocha.

Sasa ukaja mwezi wa mahafali ya darasa la saba. Kulikuwa na maneno chini chini kwamba mwalimu mkuu anastaafu na nafasi itakuwa wazi, na kwamba mgeni rasmi atakayekuja kutoka Newala ni mtu wa elimu mwenye kauli. Baba hakusema kitu nyumbani, lakini koti alilipeleka kwa fundi cherehani likakazwe vifungo, na kompyuta akaomba iwekwe kwenye ratiba: wazazi na wanafunzi waone kompyuta iliyoundwa hapa hapa Mkunya. Projekta ikaazimwa.

Na mimi hapo nikapata wazo langu. Mnaona Baba na wazo lake la mashine ya salfa? Damu ni moja. Nilichukua picha zote kwenye simu ya Mama, maana alikuwa anatupiga mara kwa mara tukiwa kazini, nikazihamishia kwenye kompyuta, nikaziweka ziwe zinatokea kwenye kioo zenyewe, hii ikitoka inaingia nyingine. Ya kwanza nikaweka ile ya salfa, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa FUNDI: VERO, na chini yake MSAIDIZI: BABA. Nilikusudia akiwasha nyumbani, aone, acheke kama siku ile. Ila hakuiwasha, alikuwa anakimbizana na maandalizi, na asubuhi ya mahafali nikakumbuka kwamba picha ziko mle. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kompyuta, haijafungashwa bado, kuzitoa ni kazi ya dakika. Nikasema moyoni acha zibaki, atafurahi, na watu watajua kwamba tulikuwa wawili. Ndiyo uamuzi wenyewe huo. Hakuna mtu aliyenishauri, wala siwezi kumsingizia shetani, alikuwa na kazi nyingine.

Tukaipeleka kwenye toroli, tumeitandikia godoro la mdogo wangu, Baba anasukuma na koti lake, mimi nashikilia kioo, kila tukipita jiwe ananiambia taratibu. Shughuli ya kuonyesha iliwekwa ukumbi wa kanisa, pale jirani na shule, madirisha yakafunikwa vitenge kupata giza, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Umeme wote wa mle ndani, projekta, kompyuta, spika, maiki, ulikuwa unatoka kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni hiyo niliikalia mimi, nyuma ya meza, nimechuchumaa.

Baba alizungumza vizuri, lazima niseme hivyo. Alieleza kompyuta ni nini, kila kifaa na kazi yake, na watu walikuwa wanatikisa vichwa. Mgeni rasmi, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akamuuliza kama kweli kaiunda yeye.

"Mwenyewe, mheshimiwa," Baba akajibu kwenye maiki. "Kwa mikono yangu hii, bila msaada wa mtu."

Niliposikia hivyo nilijiambia ni maneno ya mkutano tu, wakubwa ndivyo wanavyoongea, na nikasikia kitu kama kimepungua kifuani lakini nikakipuuza. Baba akageuka akaniashiria niwashe, nikabonyeza. Na kidole kikiwa bado pale kwenye kitufe ndipo nikakumbuka kilichoandikwa.

Ile diski yetu ilikuwa nzito kuamka, hiyo ndiyo sehemu ninayoiota. Nilikuwa na muda. Shuka likawa jeusi, likawa bluu, kile kiduara kinazunguka, ukumbi umetulia, na mimi nikamvuta Baba pindo la koti. Akauondoa mkono wangu bila kuniangalia, kama mtu anayefukuza inzi, huku anaendelea kutabasamu kwa mgeni rasmi. Nikamvuta tena. Akanikanyaga kidogo kwa kiatu, si kwa nguvu, ni ile ya kuniambia tulia.

Kisha akatokea. Ukuta mzima, Baba, manjano, fulana imetoboka ubavuni, msuli umelegea, mdomo wazi anacheka. Mwanzoni nafikiri watu walikuwa hawajamtambua. Bibi mmoja mbele akauliza kwa Kimakonde huyo ni nani na amepatwa na nini. Halafu darasa la saba, waliokuwa wamekaa chini mbele kabisa, wakafanya kile walichofundishwa kufanya wakiona maandishi ukutani, na aliyewafundisha ni Baba mwenyewe: wakasoma. Kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta, neno kwa neno. Fundi, Vero. Msaidizi, Baba.

Ukumbi ulipasuka. Na kabla kicheko hakijaisha picha ikabadilika, ikaja ile ambayo mimi nimeingiza kichwa ndani ya kasha na Baba amenishikia tochi, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini, watu wakacheka upya, halafu ikaja ile aliyosinzia kwenye kiti na bisibisi mkononi. Nikaruka nikashika mausi, nikabonyeza sijui wapi, ile picha ya kusinzia ikafunguka ikawa kubwa zaidi, pua ya Baba peke yake ilikuwa kama mlango. Nilibonyeza kila kitu. Haikutoka. Basi nikafanya la mwisho lililonijia, nikaing'oa ekstensheni ukutani.

Vikafa vyote, shuka, spika, maiki. Katika ule ukimya mgeni rasmi akainuka kidogo kwenye kiti, bado anafuta machozi ya kucheka, na sikuona dharau usoni mwake, nawaapia, akasema, "Mwalimu, kumbe nyumbani kwako kuna fundi. Hongera sana."

Ulikuwa ni mlango umefunguliwa mbele ya Baba. Alichotakiwa ni kuingia tu, aseme ndiyo mheshimiwa, ni binti yangu, tungepigiwa makofi wote wawili na tukarudi nyumbani na toroli letu. Mpaka leo nafikiria ni kitu gani kilimshika. Nadhani ni yale maneno ya bila msaada wa mtu, yalikuwa yameshatoka kwenye spika, hakujua kuyarudisha.

Badala yake aliinama kwangu pale nyuma ya meza. Alidhani anaongea polepole, kwamba ni mimi tu nitakayesikia, lakini ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza kumsubiri yeye.

"Ulidhani umetengeneza wewe?" akaniambia. "Nilikuwa nakuachia tu ushikeshike, usinisumbue."

Watu wakaacha kucheka. Kicheko chao nilikuwa nimeanza kukizoea, ila kule kuacha kwao ndiko kulikonitoa pale. Nilipita katikati ya mabenchi, watu wanavuta miguu kunipisha, nikatoka nje kulikokuwa na akina mama wanapika pilau. Mama, aliyekuwa mmoja wao, akaniuliza nina nini, nikamwambia moshi. Akaangalia jiko, moshi ulikuwa unaenda upande mwingine, lakini hakuuliza tena.

Baba alipata jina jipya wiki hiyo hiyo. Watoto walikuwa hawathubutu kumwita mbele yake, lakini akiwapa mgongo unasikia Msaidizi, Msaidizi, mpaka vijana wa sokoni wakalichukua. Nafasi ya mwalimu mkuu alipewa mtu kutoka kata nyingine. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya picha, pengine jina lilikuwa limeshapangwa zamani, lakini siku habari ilipofika Baba aliniangalia mezani kwa muda mrefu, kisha akanawa mikono akaenda kulala jua halijazama. Kompyuta ilifunikwa kitenge. Namsalimia asubuhi, shikamoo Baba, marahaba, basi, mpaka kesho yake.

Msidhani kilichoniuma ni ile aibu ya ukumbini. Aibu inachakaa, watu wanapata mambo mengine ya kusema. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kurudia siku zote zile za mezani, moja baada ya nyingine, na kuzichunguza. Siku niliyosema hii waya si ya hapo, je, yeye alikuwa anajua tayari? Maandishi madogo, alikuwa hayaoni kweli, au alijifanya haoni ili nipate cha kufanya? Lile hebu tuone, alikuwa anasema kama unavyomwambia mtoto anayepika kwa mchanga? Nilikuwa na kitu kimoja tu kizuri nilichofanya na baba yangu, na sasa nikikishika nakuta nacho kinateleza. Mama aliniambia nisiyaweke moyoni, yale hayakuwa maneno yake, ni aibu tu ilimpata. Nikamuuliza kama si yake yalikuwa ya nani. Akaendelea kuchambua makopa ya muhogo.

Mvua zilipoanza, siku moja naona Baba ameifunua ile kompyuta na ameichambua yote, skrubu ziko kwenye kisahani. Sijui alitaka kuisafisha au alitaka kujithibitishia jambo. Akakaa nayo siku nyingi, peke yake, tochi ameing'ata mdomoni. Alipoirudishia na kuiwasha, mimi nikiwa jikoni natwanga, nikasikia feni zinazunguka na hakuna kingine. Nilijua hapo hapo. Kuna waya mfupi wa rangi ya manjano na nyeusi, unaingia pembeni juu ya bodi, ukisahaulika feni zitazunguka lakini kioo hakiwaki, na ulitusumbua hivyo hivyo mwanzoni tulipokuwa wawili, mpaka mimi nikaona tundu lake. Nikasikia anazima, anawasha, anazima.

Akaja akasimama mlangoni pa jikoni. Amevaa fulana, na bisibisi mkononi, na sikumbuki lini aliwahi kuja jikoni.

"Vero," akasema, "ule waya mdogo wa manjano huwa unaingia wapi?"

Sasa hebu fikirieni. Alikuwa hajui. Alikuwa hajui kweli, na siku zile alikuwa hajui vilevile, na kwa hiyo hakuniachia nishikeshike, tulikuwa tunatengeneza, mimi na yeye, kama nilivyodhani. Kila kitu nilichokuwa nimenyang'anywa kilirudishwa pale mlangoni na mtu yule yule aliyekichukua. Nilipaswa kutupa mchi na kukimbia mezani. Nilimwangalia, nikaona ameshajua kwamba ninajua.

"Sijui, Baba," nikasema, nikaendelea kutwanga.

Aliitazama bisibisi mkononi mwake. Kisha akasema haya, akaondoka, na nikasikia anaifunika.

Basi ndiyo hivyo, na ndiyo maana nafunga kamba za viatu. Nimeapa kwamba sitaweka tena picha ya mtu mbele ya watu kabla mwenyewe hajaiona, na hicho kiapo nakishika bila shida. Kuna kingine, cha kwenda likizo na kuuchomeka ule waya, kimya kimya, bila kumwambia mtu, ni kazi ya dakika. Nakiapa kila tunapofunga shule. Nafika nyumbani, naikuta pale pale mezani na kitenge chake, Baba yuko kiti cha pili anasahihisha madaftari, namwambia shikamoo, ananiambia marahaba, naipita, naenda jikoni kwa Mama.